Fundi wa Sauti Anajibu: Besi Yangu Inapotelea Wapi?

*Fundi, habari ya kazi? Natengeneza muziki wa dansi wa kielektroniki nyumbani, kwa laptopu na hedifoni. Kwenye hedifoni besi yangu inajaa kichwa kizima. Nikiicheza kwa simu, haisikiki kabisa. Juzi nikampa rafiki anayeendesha matatu, akaipiga garini, ikawa ngurumo tu, huwezi kutofautisha noti na noti. Nimepandisha besi hadi taa nyekundu haizimiki. Faili hiyo nimekutumia. — Wa Kayole*

Ndugu yangu wa Kayole, salama. Kabla ya yote, teremsha hiyo besi mpaka taa izime. Nimeisikiliza faili yako, na ngoma ulivyozipanga zimenifurahisha sana. Besi yenyewe ina sauti ya kutosha tayari. Ilichokosa ni mwili.

Noti yako kuu ni G ya chini, yaani Hz 49 (mitetemo 49 kwa sekunde), na umeipiga kwa wimbi la sain tupu. Wimbi la sain lina mtetemo huo mmoja basi, juu yake hakuna kitu. Sasa spika ya simu ni kijidude kidogo mno, na kuanzia Hz 200 au 300 kushuka chini haina nguvu ya kusukuma hewa. Simu inapoipokea besi yako, haina hata chembe ya kucheza. Hata ungeipandisha maradufu, simu ingebaki kimya.

Fanya hivi. Nakili mstari wa besi kwenye traki ya pili. Ya kwanza iache na sain yake, safi. Ya pili ipitishe kwenye distoshini yoyote (athari inayokwaruza sauti), hata ile iliyokuja na programu yako. Distoshini inayokata wimbi juu na chini sawasawa huzaa mitetemo ya witiri: 49 mara 3 ni 147, mara 5 ni 245. Ukikata upande mmoja kuliko mwingine, za shufwa nazo zinaingia: 98, 196, 294. Mimi huzitaka zote, maana hapo ndipo besi inapata joto. Kisha kwenye traki hiyo ya pili ondoa kila kitu kilicho chini ya Hz 120, isigombane na sain, uipandishe polepole huku ukisikiliza kwa simu. Ukishausikia mstari wa besi, simama hapo hapo. Sikio likipata 245, 294 na nyingine za juu yake zikienda pamoja, ubongo wenyewe huijaza ile 49 ambayo simu haikuitoa. Wajenzi wa vinanda vya kanisani wanaujua ujanja huu tangu zamani: wanapuliza mabomba mawili mafupi, waumini wanasikia noti ya bomba refu ambalo jengo halina nafasi nalo.

Ngurumo ya kwenye matatu ni shida nyingine kabisa. Kule spika za besi zipo, tena kubwa, na zinakupigia kila ulichoandika, pamoja na usivyovisikia kwenye hedifoni. Katika faili yako nimekuta mambo matatu yanayogombania sakafu moja.

La kwanza ni kiki, ile ngoma nzito ya mdundo. Ina mkia mrefu, wa aina ile iliyoletwa na mashine ya ngoma ya Roland TR-808 mwaka 1980, na mkia huo unatua karibu na Hz 50. Besi nayo iko 49. Zinapigana kwa muda wote zinapolia pamoja, na ndiyo ngurumo uliyoisikia garini. Amua nani mwenye sakafu. Ukitaka iwe besi, fupisha kiki libaki pigo lake la mwanzo tu. Ukiutaka mkia wa kiki, weka kompresa (kifaa kinachoshusha sauti) kwenye besi na kiki ndiyo iwe inaiamuru, ili kila kiki inapogonga besi iiname na kurudi. Sikiliza inavyorudi: ikirudi mapema mno matope yanabaki, ikichelewa mno wimbo unakosa pumzi. Muda huo hutaupata kwa kuiga namba za mtu mwingine. Upange kwa wimbo wenyewe.

La pili, umeitanua besi stirio. Kwenye hedifoni inapendeza, nakubali. Lakini mifumo mingi huchanganya kushoto na kulia kabla ya kuzipeleka kwenye spika ya besi, na wimbi la kushoto likiwa linapanda wakati la kulia linashuka, yanafutana. Chini ya Hz 120 weka mono, yaani kushoto na kulia sauti ile ile, bila huruma.

La tatu ni mwangwi uliouweka juu ya besi. Utoe.

Na jambo moja la usiku. Kama unakaa ploti yenye kuta nyembamba, najua unateremsha sauti majirani walale. Fletcher na Munson walionyesha huko Marekani mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio hupoteza za chini kwanza. Kwa hiyo unasikiliza polepole, unahisi besi ni nyembamba, unaiongeza. Asubuhi kwenye gari inafoka. Usiku panga noti, tengeneza midundo. Kiasi cha besi kiamue mchana, ukiwa umeweka sauti kwenye kiwango kile kile kila siku.

*Fundi, naomba unifundishe ile besi inayonguruma kama inaongea, ya drum and bass. Nina Vital pekee. — Wa Rongai*

Vital, hiyo programu ya kuunda sauti, inatosha kabisa. Tangu itoke mwaka 2020 ina toleo la bure, na nimesikia kazi nzito mno zilizofanywa nayo.

Anza na chanzo chake. Mwaka 1988 Kevin Saunderson wa Detroit, akijiita Reese, alitoa wimbo wenye besi nzito inayojikunja ndani yake. Watayarishaji wa muziki wa jungle Uingereza wakaichukua, na mpaka leo watu wanaiita besi ya Reese. Ufundi wake ni mawimbi mawili ya msumeno yaliyotofautiana kidogo tu. Ukiwa na moja Hz 49 na jingine 49.5, yanakutana na kufutana mara moja kila sekunde 2. Huko juu, kwenye mitetemo ya mara 8 na mara 10, yanakutana haraka zaidi, na mchanganyiko huo wa kasi tofauti ndio unaokupa mngurumo. Huko chini kabisa, lakini, noti yako inazama kila sekunde 2. Ndiyo maana nasisitiza: kata Reese chini ya Hz 100, weka sain ya mono mahali pake.

Kuongea sasa. Irabu za kinywa chako zinatambulikana kwa vilele viwili vya sauti. "A" ina kimoja karibu na Hz 700 na kingine karibu 1,200. "U" iko karibu 300 na 800. Weka chujio mbili zenye vilele hivyo juu ya msumeno wako, halafu LFO (wimbi la polepole la kusogeza vidhibiti, lisilosikika lenyewe) izisogeze kutoka "u" kwenda "a". Sema mwenyewe polepole, "uaaa, uaaa", uone mdomo unavyofunguka. Mwendo huo ndio unaouchora kwenye LFO. Kwa midundo 174 kwa dakika, mdundo mmoja ni kama sekunde 0.34, kwa hiyo kuufungua mdomo kwa nusu mdundo ni kasi kweli. Changanya: mara nusu, mara theluthi, mara acha noti ikae kimya. Ukimya kati ya mingurumo miwili unaufanya wa pili utishe.

Ukishapata kitu kinachokusisimua, kirekodi kiwe faili ya sauti, kikate vipande, ukipitishe tena kwenye distoshini. Sauti nyingi unazozistaajabia zimepita njia hiyo zaidi ya mara moja.

*Nina pesa kidogo, ninunue wufa (spika ya besi) kwenye barabara ya Luthuli, Nairobi, nifanyie miksi? — Wa Umoja*

Hapana, ndugu. Wufa za kuuzia sebule huongezewa besi kiwandani, zitakudanganya. Na chumba chako kitakudanganya zaidi: wimbi la Hz 49 lina urefu wa mita 7, na godoro uliloegemeza ukutani haliligusi. Baki na hedifoni, weka kipima masafa cha bure kwenye kompyuta, na kila miksi uipigie kwenye gari la mtu na kwenye simu. Pesa ikifika, nunua spika mbili za studio, na ukae mbali na pembe za chumba na pia mbali na katikati yake.