Usiiruhusu programu iguse ofseti ya Z bado

Acha kwanza. Umeandika kwamba umepata vihisi kumi vya joto, utavibandika kwenye nguzo ya mashine yako ya CNC (ya kukata chuma kwa kuongozwa na kompyuta), ukusanye data wiki moja, kisha programu irekebishe yenyewe ofseti ya Z, yaani namba inayosahihisha kina cha mkato mashine inaporefuka kwa joto. Unauliza ununue kadi gani ya kukusanyia data na kebo zipi. Hapo kwenye "yenyewe" ndipo nilipoharibu kazi ya mteja.

Aliyeniuzia mfumo alinionyesha grafu safi: kosa lililobaki ni mikroni chache tu. Hakusema kwamba modeli, yaani hesabu inayotabiri msogeo kutokana na joto, ilipimwa kwa data ileile iliyoifundisha. Mwanafunzi akitahiniwa kwa maswali aliyokwisha kukariri majibu yake, atakosaje mia kwa mia? Yule bwana alijua, na bado akachukua hela. Hasira haijaniisha.

Data tuliikusanya Julai, Dar imepoa. Februari karakana ikapita nyuzi 30, mfumo ukaanza kuisukuma Z upande usio wake. Mashine ikawa inakata vibaya kuliko isiporekebishwa kabisa. Vikalio vya beringi, yaani matundu ya kukalia beringi, vikatoka na kina kisichokubalika, na chuma kikishakatwa hakirudi.

Chanzo ni hivi. Vihisi vya kwenye nguzo vilikuwa vinapanda na kushuka pamoja. Vikisema jambo lilelile, hesabu haiwezi kujua kipi kinaeleza nini. Inakipa kihisi kimoja namba kubwa chanya na jirani yake kubwa hasi, zifutane. Zinafutana vizuri mpaka hali ya hewa ibadilike. Na beringi ya mbele ya spindo (mhimili unaozungusha kifaa cha kukatia), penye joto lenyewe, haikuwa na kihisi hata kimoja!

Joto ni tatizo kweli, sibishi. James Bryan, mtafiti wa usahihi wa mashine, aliandika mwaka 1990 kwamba linachangia asilimia 40 hadi 70 ya makosa katika kazi za usahihi. Chuma cha mita moja hurefuka takriban mikroni 12 kwa kila nyuzi moja; skrubu ya kusogezea mashine yenye milimita 800 ikiongezeka nyuzi 5, hizo ni karibu mikroni 48. Lakini inarefukia upande gani? Inategemea imefungwa wapi, na kihisi cha joto hakikwambii. Pima msogeo wenyewe: nondo ya majaribio kwenye spindo, kihisi cha umbali kikiitazama, spindo izunguke saa kadhaa. ISO 230-3, kiwango cha kimataifa cha kupima athari za joto kwenye mashine, inaeleza utaratibu.

Modeli isiguse ofseti mpaka ijaribiwe siku ambazo haijawahi kuziona: asubuhi ya baridi, mchana wa joto, kasi tofauti za spindo. Iandike utabiri wake pembeni tu, wewe ulinganishe na kipimo. Muuzaji akikuharakisha, mwache aende. Hata ikifaulu, iwekee kikomo ndani ya kontrola (kompyuta inayoiongoza mashine), ikizidi hapo mashine isimame.

Anza na beringi ya mbele, nati ya skrubu na hewa ya karakana. Ukipata mchoro wa kwanza wa msogeo, uweke hapa tuuangalie.