Mtoto wa Gredi ya Saba Hasemi Akikaziwa Macho

Mwaka 2023, sekondari msingi ilipoanza Kenya, nilipewa gredi ya saba katika shule moja ya Eastlands, Nairobi. Mvulana mmoja alikuwa akisoma vizuri, kisha muhula wa pili kila nikimwita asome kwa sauti anadai hana kitabu. Kitabu nilikiona kwenye mkoba. Nikasema huu ni ujeuri, nikamsimamisha nyuma ya darasa kipindi kizima.

Jioni moja tulikutana kwenye matatu, foleni ya Jogoo Road haisongi. Tumekaa bega kwa bega, tunatazama mbele. Sikumuuliza kitu. "Mwalimu, sauti yangu inakwaruza. Wananicheka." Nilikosa la kusema hadi aliposhuka.

Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, lakini kwa umri huu kuaibishwa mbele ya wenzako ni kiboko kingine, na mimi ndiye niliyekuwa nimekishika.

Siku hizi simwiti mtoto ofisini nimuulize "una shida gani?" Atajibu "hakuna", na hapo umemaliza. Namwomba tubebe madaftari, tupange viti. Mzazi naye ana sukuma wiki ya kuchambua na vyombo vya kuosha. Mikono ikiwa kazini na macho yako yako kwenye majani, maneno hutoka. Ukigeuka tu kumkazia macho, amefunga duka. Na akianza, usikimbilie kumpa dawa. Hili bado linanishinda. Ulimi wa mwalimu unawasha!

Kusoma kwa sauti sasa tunaanza wawili wawili. Pia nawaeleza mapema kwamba nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, ndiyo maana sauti inateleza katikati ya sentensi. Wanacheka wote, hata ambao zamu yao bado, halafu wanazoea.

Lakini mtoto akikudokezea kwamba anadhulumiwa au anataka kujidhuru, hapo si pa kuendelea kuchambua mboga. Mwambie mshauri wa shule siku hiyo hiyo, au piga 116, laini ya watoto. Ni bure, usiku na mchana.

Yule mvulana alifanya KJSEA ya kwanza, mtihani wa kitaifa wa mwisho wa gredi ya tisa, mwaka 2025. Alikuja kuniaga kwa sauti nzito kuliko ya naibu wa mwalimu mkuu, tukaongea nusu saa tukirudisha madawati.