Re: Kwa nini tetemeko hupiga mara mbili?

Ndugu, umeuliza kwa nini ulisikia mtikisiko mdogo kwanza, kisha ukaja mkubwa. Mara nyingi hilo ni tetemeko moja tu. Miamba ya pande mbili za ufa ulio ndani ya ardhi husukumana miaka mingi ikiwa imekwamana. Msuguano ukishindwa, inateleza ghafla na nishati iliyojilimbikiza husambaa kama mawimbi. Mawimbi ya P (ya kwanza kufika, ndiyo mtikisiko ule mdogo), yanayobana na kuachia mwamba, hukimbia takriban kilomita 6 kwa sekunde kwenye ganda la dunia. Ya S (ya pili kufika, ndiyo ule mkubwa) huutikisa mwamba kukingama na njia yake, kama kilomita 3.5 kwa sekunde, na hayo ndiyo hubomoa zaidi (pamoja na yale yanayotambaa juu ya ardhi). Ukiwa kilomita 100 kutoka chanzo, pengo kati ya kufika kwa P na kwa S ni kama sekunde 12. Tosha kabisa kujificha chini ya meza imara.