Baba aliniomba nimpumzishe

Swali lenu la wiki hii linauliza kama sheria imruhusu daktari kumsaidia mgonjwa asiyepona afe, akiomba mwenyewe. Kwa hapa Tanzania, kwa sasa, nasema hapana. Ila msinichukulie kama mtu anayehubiri kutoka mbali. Mimi niliwahi kuombwa.

Baba aliugua kansa ya tezi dume. Tulipokuja kujua, ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo. Nyumbani Tukuyu tulimhamishia chumba cha mbele ili aione migomba yake dirishani. Kila tukimgeuza alikuwa anang'ata pindo la shuka, wajukuu wasimsikie. Shuka lile lilitoboka. Usiku mmoja akaniambia, "Mama, umenihudumia vya kutosha. Sasa nipumzishe." Tangu utoto alikuwa akiniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Usiku ule aliniita kama mtoto anavyomwita mama yake.

Dawa tuliyokuwa nayo ilikuwa Panadol. Hospitali tuliyokuwa tukienda ilishatuambia hakuna la kufanya, mrudisheni mzee nyumbani. Muuguzi mmoja mstaafu wa pale jirani ndiye aliyetuuliza mbona hatujaenda kwenye hospitali yenye kitengo cha tiba shufaa. Tiba shufaa? Hata jina lenyewe lilikuwa geni kwetu; kumbe ni huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mgonjwa mwenye ugonjwa mzito. Tukaenda, tukapewa mofini, dawa kali ya maumivu, ya maji ya kunywa. Nilikuwa naipima kwa bomba lisilo na sindano, kila baada ya saa 4, na ya kulalia naiongeza mara mbili kama walivyonielekeza. Ni chungu kama shubiri, na inafunga choo, kwa hiyo mapapai hayakukauka mezani. Siku ya tatu baba akaulizia redio yake. Habari ya kupumzishwa hakuirudia tena.

Sasa piga picha, usiku ule wa shuka, sheria ingekuwa inaruhusu. Ombi lake lilikuwa la kweli, akili zake timamu, ugonjwa hauponi. Masharti yote angetimiza. Na kumbe kilichokuwa kinaomba kufa ni maumivu ambayo dawa yake ilikuwepo, umbali wa nauli ya basi.

Kuna jambo la pili, nalo ni gumu zaidi kulisema. Wiki ile ile baba yangu mdogo aliniita pembeni: "Mzee kachoka, tumwache apumzike." Si mtu mbaya. Alikuwa ameshauza ng'ombe wawili kwa ajili ya kaka yake na wa tatu alikuwa zizini. Baba alikuwa anajua hesabu ya ng'ombe vizuri kuliko sisi. Kwa hiyo aliposema nipumzishe, ni yeye aliyekuwa anasema, au ni yule ng'ombe wa tatu? Mpaka leo sijui, na sioni daktari anayemwona mgonjwa kwa dakika kumi angejuaje.

Wanaotaka sheria hii hutupeleka Uholanzi, ambako inaruhusiwa tangu 2002. Sawa. Lakini kule kila mtu ana bima kwa lazima, mara nyingi anayeombwa ni daktari wa familia aliyemjua mgonjwa miaka, na lazima daktari mwingine asiyehusika aje ajiridhishe. Kanada waliruhusu 2016 kwa wale ambao kifo chao kiko karibu. 2021 wakawaongeza wengine ambao hawako karibu kufa. Siwahukumu, nchi ni yao. Afrika Kusini, mwaka 2015, wakili Robert Stransham-Ford, naye akiugua kansa ya tezi dume, aliiomba Mahakama Kuu ya Pretoria ruhusa ya kusaidiwa kufa. Alikubaliwa, ila alifariki saa chache kabla ya uamuzi kutolewa, na 2016 Mahakama ya Rufaa ikautengua. Huyo alikuwa wakili. Baba yangu, na shuka lake mdomoni, angejieleza mbele ya nani?

Kwetu Kanuni ya Adhabu inasema anayemsaidia mtu kujiua anaweza kufungwa maisha. Tumeirithi kwa mkoloni, najua. Hata hivyo nikipewa nafasi ya kubadilisha sheria moja, nisingeanza na hiyo. Ningeanza na walichofanya Uganda mwaka 2004: waliwaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuandika mofini, badala ya kumsubiri daktari ambaye vijijini hayupo.

Mtaniuliza, je, yule ambaye mofini haimsaidii? Wapo. Nimemwona mmoja, mama wa kidonda cha titi, na kwake sina jibu. Nilikaa naye tu. Mkiniambia hapana yangu haimtoshi, nitanyamaza.

Baba aliishi wiki kumi na moja baada ya chupa ya kwanza. Alfajiri aliyofariki, chupa ya mwisho ilikuwa bado na dawa karibu nusu. Baada ya matanga niliirudisha dirisha la dawa. Mfamasia akaiinua kwenye mwanga, akaandika kwenye daftari lake, akanipa pole.