Nikiandika "Mvinyo wa Dodoma", nani atabisha?

SWALI: Ndugu mtaalamu, nina ekari mbili za zabibu Hombolo, Dodoma, na nasindika mchuzi (juisi ya zabibu) wangu mwenyewe. Nataka chupa ziandikwe "Mvinyo wa Dodoma". Je, mwenye mchuzi wa kwingine akiandika hivyohivyo, nitamzuiaje? Ufaransa na Afrika Kusini wanafanyaje? – M., Hombolo

JIBU: Ndugu M., alama ya TBS, Shirika la Viwango, inamwambia mnywaji kwamba kinywaji kimekidhi kiwango, lakini haimwambii zabibu zilikatwa wapi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji. Ila ukilalamika utadaiwa ushahidi, na mchuzi ukishaingia kwenye tangi hauna kabila. Ndiyo maana kazi kubwa ya wenzetu iko kwenye mizani na daftari, kabla hata lebo haijafikiriwa.

Mimi ningeanza kwa kuwaangalia Afrika Kusini, ambao mfumo wao ulianza mwaka 1973. Kiwanda kinatoa taarifa kabla ya kukamua, kisha kumbukumbu zinafuata mvinyo hatua kwa hatua. Ukitaja eneo, zabibu zote ziwe za hapo, asilimia 100. Ukitaja aina ya zabibu au mwaka wa mavuno, inatosha 85. Mvinyo hupimwa maabara na kuonjwa na jopo, ndipo chupa inabandikwa stika yenye namba. Mwizi hukamatwa na hesabu ya kawaida tu: tani moja ya zabibu hutoa lita 600 hadi 700 hivi. Aliyepima tani moja akaja na lita 1,500, kuna madumu yamepita mlango wa nyuma.

Ufaransa wanabana zaidi, maana wanaingia hadi shambani. Pale Châteauneuf-du-Pape wakulima walianza kujiwekea masharti mwaka 1923, wakachora mpaka kwa kuangalia ardhi kavu inayoota mimea fulani ya harufu. Sheria ya nchi nzima ilikuja 1935. Hadi leo kijiji hicho kinavuna kwa mkono, na mavuno yana kikomo, kwa kawaida lita 3,500 kwa hekta. Ureno walitangulia wote hao: mwaka 1756 waziri wao, Marquês de Pombal, aliamuru bonde la Douro liwekewe mipaka, likasimikwa nguzo za mawe. Miti ya matunda meusi yaliyotumika kutia mvinyo rangi iling'olewa. (Kwetu ingekuwa choya, yaani rosela, na sijui nani angethubutu.)

Lakini tusinakili kila kitu. Kikomo chao kinahesabu mavuno ya mwaka mzima, kwa kuwa wanavuna mara moja. Sisi tunavuna mara mbili, kwa hiyo kikomo chetu kihesabiwe kwa kila mavuno. Na maeneo mengi ya Ulaya yanabana umwagiliaji. Ukileta sharti hilo Dodoma, ambako kuanzia Mei mvua ni hadithi, umeyaua mavuno ya Agosti.

Sharti ambalo ningelipigania ni la sukari. Msimu mmoja nilipima kreti mbili za zabibu aina ya Makutupora nyekundu zilizotoka shamba moja. Kwenye refraktomita, kile kifaa cha kupimia sukari, kreti moja ilisoma 21, nyingine 15. Ya kwanza inakupa kilevi cha asilimia 12 hivi, ya pili haifiki 9. Hiyo ya pili ilikatwa mapema kwa sababu lori la mnunuzi lilikuwa limeshafika na wingu limetanda. Zote mbili ni za Dodoma kweli kabisa, lakini jina likibeba ile ya 15, mnywaji hatanunua mara ya pili.

Kwa hiyo anza na daftari mavuno haya: tarehe ya kukata, kipande cha shamba, aina, kilo, kipimo cha sukari, namba ya tangi, lita zilizotoka. Mwombe jirani mwenye zabibu afanye vivyo hivyo, mkaguane. Mkifika kumi mna cha kuweka mezani kwa ofisa. Na choya, kama unaitengeneza, iwe na tangi lake.