Wimbo ule wa Njombe

Marahaba, mwanangu.

Uliniuliza kwenye simu: kwenye harusi ya binti wa mdogo wangu kule Njombe, bendi ilipopiga wimbo wa Mbaraka Mwinshehe na watu wakajaa uwanjani kucheza, mbona mimi nilitoka nje? Nikakujibu ni joto. Joto gani Njombe mwezi wa saba!

Basi sikiliza. Mwezi wa kwanza wa 1979 nilikuwa na miaka 14, tuko Morogoro. Vita na Amin vimeshapamba moto, na mjomba wako, aliyekuwa mgambo, akaitwa. Wiki hiyohiyo ikaja habari kwamba Mbaraka amefariki kwa ajali ya gari huko Mombasa. Kwetu sisi alikuwa mtu wa nyumbani. Tulimjua tangu yuko Morogoro Jazz, kabla hajaanzisha Super Volcano. Redio ikawa ni yeye tu.

Yetu ilikuwa ya betri, na betri zimechoka. Bibi yako alizianika juani juu ya bati ili zitusogeze japo jioni moja. Kwa hiyo wimbo ulikuja unafifia na kurudi. Mjomba wako anapiga pasi shati la safari, pasi ya mkaa, mimi nikapuliza makaa vibaya, majivu yakarukia kwenye kola. Siku nyingine ningekula kofi. Siku hiyo alinitazama tu, akayapangusa kwa kiganja, akaendelea. Hapo ndipo nilipojua anaogopa.

Wimbo wenyewe hauna vita wala pasi. Ni mwanamume anambembeleza mpenzi wake. Ulikuwa unapita tu, ukatukuta.

Najua utasema: lakini Mjomba alirudi! Alirudi mzima, yuko Dakawa analima mpunga, na kwa kucheka hakuna anayemfikia. Nilishamsimulia habari ya kola, hakumbuki hata kidogo. Kwake ule ni wimbo wa kucheza. Yeye ana wimbo wake mwingine, wa Kikongo, ukipigwa ananyamaza. Sijawahi kumuuliza.

Ila wimbo haujui kwamba alirudi. Likianza lile gitaa la solo, mimi nipo pale penye majivu, naye ndiyo kwanza anaondoka.

Mdogo wako, na saikolojia yake ya chuo, anasema nyimbo tunazozisikia kati ya miaka 10 na 30 ndizo zinazotung'ang'ania zaidi. Huenda. Lakini wimbo wa taifa niliuimba kila asubuhi shuleni miaka hiyohiyo, na haunipeleki mahali popote mahususi. Umebeba asubuhi nyingi mno. Huu wa Mbaraka, baada ya siku ile, niliusikia kwa nadra, ndiyo maana haujachujuka.

Ulisema umeupata mtandaoni, utanitumia niusikilize hadi nizoee. Nakushukuru, lakini usinitumie. Nikiusikiliza kila siku nikiosha vyombo, utakuwa wimbo wa kuoshea vyombo. Niache nikutane nao wenyewe, redioni au harusini, hata kama nitatoka nje tena.

Mjomba wako ameleta gunia la mchele. Nusu ni yako, tuma mtu aje achukue kabla panya hawajajua.

Mama