Safari ndefu ya gari ya kumrudia Mungu: mchukue mzee wako

Salaam, mleta mada. Umeandika kwamba imani yako imepoa, sala zimebaki za mdomoni, umepata likizo na unataka kushika barabara peke yako, uende mbali ukatafakari. Kisha mwishoni, kama mtu anayegusia jambo dogo, ukasema baba yako ameomba mfuatane na hujui umkatalie vipi bila kumuumiza. Kwangu mimi swali lako lote liko hapo mwishoni.

Nenda naye.

Nasema hivyo kwa sababu yalinipata. Baba alipofariki, mama aliniomba nimpeleke kwa gari akalione kanisa alilobatizwa akiwa msichana. Ni mbali, mwendo wa siku kadhaa. Mimi nami nilikuwa na yangu moyoni na nilitamani upweke kama wewe. Siku ya kwanza mama hakuzungumza sana. Alikaa siti ya mbele, mkoba mapajani, akiangalia nje. Kesho yake alasiri, barabara imenyooka na hakuna gari mbele wala nyuma, akaanza kuongea huku macho yake yako mbele. Akasema tangu mazishi hajaweza kuisali Sala ya Bwana yote. Akifika "mapenzi yako yatimizwe" ananyamaza, anawaacha wenzake waseme, halafu anaungana nao kwenye mkate wa kila siku. Hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mchungaji.

Nami nilikuwa naruka mstari huohuo.

Nyumbani mama asingenieleza jambo lile. Nyumbani mnatazamana, kuna wageni, kuna simu, kuna sufuria jikoni. Ndani ya gari mmekaa bega kwa bega, dereva hawezi kukugeukia akakukazia macho, na kimya kikiingia hakuna anayelazimika kukifukuza. Mtu anaweza kusema jambo zito kisha mkaendelea na mwendo, likakaa katikati yenu mpaka litakapopata jibu. Tulikwenda kitambo kirefu bila neno baada ya hapo. Kisha nikamwambia na mimi. Kwangu, imani ilianza kurudi saa ile, na kanisa lenyewe tulikuwa hatujalifikia.

Ukisoma Luka 24 utawakuta wawili wanaokwenda Emau, stadia 60 kutoka Yerusalemu, kama kilomita 11 hivi. Mmoja anatajwa jina, Kleopa. Wamevunjika moyo na wanazungumza njia nzima juu ya kilichowavunja moyo. Yesu anawakuta katikati ya mazungumzo yale, na anaanza kwa kuwauliza wanaongea nini. Yule Mwethiopia wa Matendo 8 naye alikuwa ndani ya gari lake la kukokotwa akisoma Isaya na haelewi, mpaka Filipo alipopanda akaketi naye. Najua pia habari za waliokwenda peke yao. Ibn Battuta, yule msafiri mashuhuri wa Kiislamu, aliondoka kwao Tangier, Morocco, mwaka 1325, kijana wa miaka 21, akielekea hija bila mwenzi. Lakini yeye mwenyewe anasimulia kwamba alipofika Tunis watu wakasalimiana na hakuna aliyemsalimu yeye, akashindwa kuzuia machozi, hadi msafiri mmoja alipoona hali yake akamsogelea na kumsalimu. Upweke una kazi yake, sikatai, ila hautakosekana hata ukiwa na mzee. Wazee hulala garini. Utapata masaa yako.

Jambo la pili ni sauti. Wengi hapa watakushauri ujaze simu mahubiri, kaswida au kwaya za kutosha safari nzima. Mimi naona hapo ndipo safari nyingi za namna hii zinapopotea. Ukijaza masikio kutoka asubuhi hadi jioni, utarudi umesikiliza watu wengi na hujajisikiliza mwenyewe hata kidogo. Chukua andiko moja fupi kwa siku, lisome kabla ya kuondoka, basi. Mimi na mama tulitumia Zaburi za 120 hadi 134, zile 15 zenye kichwa "Wimbo wa kupanda milima", ambazo inaaminika mahujaji waliziimba wakipanda Yerusalemu kwa sikukuu. Ni fupi, nyingine zina mistari mitatu tu, unaweza kuishika kichwani siku nzima ukiwa kwenye usukani. Ya 121 inaanza kwa kuuliza msaada utatoka wapi. Acha swali hilo likae nawe kilomita nyingi kabla hujakimbilia mstari wa pili.

Na kuwa tayari kusimamishwa. Tulipata pancha mbali na makazi, na nati moja ikagoma kabisa kufunguka. Dereva wa lori akaegesha nyuma yetu bila kuitwa, akachomeka bomba la chuma kwenye mpini wa spana ili upate urefu, akalikanyaga mpaka nati ikalia na kuachia. Alipomaliza akanawa kwa maji ya dumu, akatandika kipande cha turubai kando ya lori na kuswali. Mama akasimama pembeni kwa heshima mpaka alipotoa salamu. Alitueleza kwamba msafiri amepunguziwa: adhuhuri, alasiri na isha zinakuwa rakaa mbili badala ya nne. Mama alilifurahia sana hilo, kwamba Mungu anamjua mtu aliye njiani na hamtwiki mzigo wa mtu aliyetulia kwake. Alilirudia hadi tunalala. Sijui wewe ni Mkristo au Mwislamu, hukusema, lakini kama sala ndefu zimekushinda kwa sasa, anza na fupi na uitimize.

Sasa hili la uchovu, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Kuna watu wanaendesha usiku kucha wakisema Mungu atawalinda, wakidhani hiyo ndiyo imani. Siyo. Mtume Muhammad alimwambia mtu amfunge ngamia wake kisha ategemee. Yesu naye alikataa kujirusha kutoka juu ya hekalu, akajibu kwamba imeandikwa usimjaribu Bwana Mungu wako. Simama kila baada ya saa mbili hivi, shuka, nyoosha miguu. Giza likiingia, tafuteni pa kulala. Msome nabii Eliya katika 1 Wafalme 19: yuko jangwani chini ya mti uitwao mretemu, amechoka hadi anaomba kufa, na malaika hamhubirii chochote. Anamgusa, anampa mkate na maji, anamwacha alale tena, kisha anamlisha mara ya pili kwa sababu safari ni kubwa mno kwake. Baada ya hapo ndipo zinakuja siku 40 za kwenda Horebu, mlima wa Mungu, na ile sauti ndogo baada ya upepo, tetemeko na moto. Ukiona umekauka kiroho, angalia kwanza kama umelala na kula vizuri. Kwa mzee wako hili ni muhimu mara mbili zaidi: dawa zake zikae karibu, maji, na vituo vingi kuliko unavyodhani vinahitajika.

Kuhusu baba mwenyewe, umeandika kwamba hamjawahi kuzungumza mambo ya ndani. Usimhoji. Usipange kwamba kufikia siku fulani awe amefunguka, mwache achague pa kusimama, aangalie anachotaka, anyamaze akitaka. Akianza kusimulia habari uliyokwisha kuisikia tangu utotoni, msikilize hadi mwisho, maana mara nyingi jambo analotaka kulisema liko baada ya ile sehemu unayoijua.

Mwambie leo kwamba mtakwenda pamoja, asikae akihesabu siku na wasiwasi. Na asubuhi ya kuondoka mwombe yeye ndiye aombe, aliye mkubwa. Hata kama ataomba muda mrefu na kutaja jamaa zenu wote, usiwashe gari mpaka aseme amina.